Maji Mdomoni

Mwalimu alikuwa na maji mdomoni. Mashavu yalimtuna kama mtu aliyeumwa na nyuki pande zote mbili. Kalamu mkononi, macho kwenye daftari. Ng'ambo ya meza ya jikoni mama yake alichambua maharage huku akiitupia jicho saa ya ukutani. Zilikuwa zimepita dakika kumi na nne na hakuna tone lililomwagika.

"Kitendawili," mama akasema.

Mwalimu akatikisa kichwa kumwomba asimchokoze.

"Haya, nitajitegea mwenyewe. Halali, hali, hana mkono wala mguu, lakini akikutazama hata pua huwezi kujikuna."

Maji yakatoka yote, ya mdomoni na ya puani, yakalowesha hesabu za ukurasa mzima.

"Mama! Unataka nifeli?"

"Nataka ucheke hapa nyumbani. Kamera yao hiyo haina utani."

Wakacheka wote wawili, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na mfupa ndani yake. Kwa miaka miwili mwalimu alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya hisabati kwa njia ya mtandao, akiiba saa kati ya vipindi na madaftari ya kusahihisha. Mitihani sita alikwishaifaulu. Wa saba ndio uliomkwama kooni, na si kwa kutojua. Mara ya kwanza, kamera ya usimamizi iliona midomo yake ikisogea. Ikamwonya mara moja, ikamwonya tena, ya tatu ikaufunga mtihani: mtahiniwa anazungumza na mtu.

Mtu gani? Chumbani alikuwa peke yake. Ila kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesimama mbele ya ubao, chaki na ulimi vikifuatana kama sindano na uzi, mpaka mkono ukasahau kuandika jambo ambalo ulimi haujalitamka. Hata vitunguu sokoni alivihesabu kwa sauti. Aliandika barua kujieleza. Jibu lilifika dakika ile ile aliyoituma, likamshukuru kwa kuwasiliana nao na kumtaka asijibu ujumbe huo.

Mtihani uliruhusiwa kurudiwa mara moja tu. Na mwalimu mkuu alikwishatangaza kwamba kuanzia mwaka mpya madarasa ya juu yatafundishwa na wenye uzamili peke yao. "Si mimi, mwenzangu, ni maagizo," alimwambia, akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi lolote. Hayo madarasa ya juu ndiyo yaliyokuwa yakimwamsha mwalimu asubuhi akiwa na hamu ya kwenda kazini. Ndiyo sababu ya yale maji: wiki tatu akiufundisha ulimi wake kulala.

Jumamosi ya mtihani ikafika. Mumewe aliwatoa watoto mapema, na mama akaweka kigoda nje ya mlango wa chumba cha kulala.

"Hata akija nani?"

"Hata akija nani, mama. Mtu mwingine akionekana humu, nimekwisha."

"Hata nikisikia umeanguka pu?"

Mwalimu akafikiri kidogo. "Nikianguka, subiri saa sita ifike."

Saa tatu kamili aliionyesha kamera pembe nne za chumba, uvungu wa kitanda, nyuma ya pazia na masikio yake yote mawili. Glasi ya maji iliruhusiwa. Akapiga funda la kwanza, akaanza. Ulimi haukuwa na pa kugeukia, na namba zikapita kichwani peku, bila kishindo. Swali la kwanza likaisha, la pili, la tatu. La nne lilimtoa jasho, lakini nalo likaisha.

Ndipo maneno yakatokea kwenye kioo cha kompyuta. Safari hii aliyaandika mtu, msimamizi aliyekaa huko alikokaa: "Mtahiniwa, una kitu mdomoni?"

"Maji," mwalimu akaandika.

"Tafadhali meza, na uiondoe glasi. Samahani kwa usumbufu."

Adabu tupu. Hata wa kumkasirikia hakuwapo. Akameza, yalikuwa yamekwisha kuwa ya vuguvugu.

Swali la tano lilibeba alama arobaini, na bila hizo yale manne yasingemfikisha popote. Kulikuwa na mfuatano wa namba unaopanda, usioshuka hata hatua moja, lakini ukiwa na dari usiyoivuka. Thibitisha kwamba una kikomo. Alilijua swali hilo kama mtu anavyoijua nyumba yake gizani. Akaandika "Chukulia", na mkono ukasimama.

Akauma midomo. Akabana taya. Dakika kumi zikapita na lile neno likabaki peke yake juu ya karatasi, kama mgeni aliyekosa wa kumpokea. Mara pakawaka wekundu: midomo imesogea, onyo la kwanza. Hakuwa amehisi chochote. Kabla hajatulia, onyo la pili.

Akajiona darasani, akipita kati ya madawati siku ya jaribio, akigonga meza ya kila aliyekuwa akinong'ona. Hesabu hufanywa kichwani, aliwaambia. Wangapi waliinamisha nyuso na kuacha nafasi tupu, naye akaandika sifuri kwa wino mwekundu, akidhani hawajui?

Zilibaki dakika ishirini na tano. Akinyamaza, karatasi itabaki nyeupe. Akisema, ana dakika moja, pengine chini ya hapo. Akainama mpaka pua ikakaribia meza.

"Chukua dari iliyo chini kuliko dari zote," akanong'ona, na mkono ukaamka. "Ishushe unywele mmoja tu. Hiyo si dari tena. Ipo namba inayoivuka." Sauti ikapanda yenyewe, ikawa ile ya kufika dawati la nyuma. "Na zinazofuata je? Hazishuki! Basi nazo zimo humo humo, kati ya unywele na dari..."

Nje ya mlango kigoda kililia, na nyayo za mama zikafika mlangoni, zikaishia hapo.

Kioo kikawa cheusi. Mtihani umefungwa. Mkono haukuwa na habari; ukaandika mistari miwili iliyobaki, ukapiga mstari chini yake.

"Nimekusikia," mama akasema kutoka nje.

"Najua."

"Nilitaka kugonga, nikasema nikigonga nammaliza."

"Ungenimaliza."

"Sasa naruhusiwa kuingia?"

"Sasa anaruhusiwa kila mtu."

Mama akaingia, akaziona karatasi saba mezani. "Si hizi hapa? Zote umeandika?"

"Zote."

"Na ni sahihi?"

"Sahihi, mama."

"Basi wapelekee."

"Zilitakiwa zipigwe picha kabla hawajafunga. Hakuna pa kuzipeleka."

Mama aliitazama kompyuta mbele, akaitazama na nyuma, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mwenyewe. Kisha akapangusa mikono kwenye gauni, akaketi ukingoni mwa kitanda, akachukua karatasi ya kwanza. Shule aliishia darasa la nne. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, polepole, bila kuruka.

"Hii ni mbili."

"Ndiyo, mama. Mbili."

"Na hii yenye mkia?"

Mwalimu akafungua mdomo. Huko nje lango likalia. Mumewe alikuwa amerudi na watoto, akiuliza kwa kunong'ona, kama mtu aliyefika nyumba yenye mgonjwa, iwapo sasa wanaweza kuongea. Kidole cha mama hakikusogea. Kilikuwa kikingoja juu ya ile herufi.