Sabini ya Uongo

Kupanda alikuwa anapanda, hilo hata wasiompenda walikubali. Ndiyo maana wakamwita Mbuzi. Mlima ukianza, wenzake wakianza kuhema na kumtaja Mungu, yeye ndiyo kwanza anajikohoza kidogo, anainuka kwenye kiti cha baiskeli, huyo, amekwenda! Shida yake ilikuwa kule juu, pale barabara inapogeuka kuanza kushuka. Loo! Mwanamke yule yule aliyewaacha watu midomo wazi alikuwa akishuka kama aliyebebeshwa trei ya mayai.

Na mbio za baiskeli walizokuwa wakijiandalia zilikuwa za siku sita, vilima mwanzo mwisho. Panda, shuka, panda, shuka, mpaka mtu ajute kuzaliwa. Timu ilikuwa imeshajaa, imebaki nafasi moja, na wanaoigombea ni wawili: Mbuzi na wifi yake, dada wa mumewe. Wifi alikuwa kinyume chake kabisa. Mlimani alijikokota hadi ukamhurumia, lakini mpe mteremko uone. Kocha akawaambia bila kuzunguka, "Jumamosi mtapanda mlima wa mnara kwa upande huu na kushukia upande wa pili. Atakayefika darajani kwanza ndiye anakwenda. Sitaki kesi."

Mazoezi ya mwisho ya mteremko yalikuwa Alhamisi, na yalikwisha vibaya kama yote yaliyotangulia.

"Mbuzi," kocha alisema, saa yake ya kupimia ikining'inia shingoni. "Huko juu umemwacha mwenzio mbali. Halafu anakuja kukupita kama umeegesha. Kuna nini?"

"Kocha, nilikuwa sabini!"

"Sabini labda ni umri wako."

"Nimeisoma mwenyewe kwenye mita ya mwendo. Mita haidanganyi!"

Kocha alimkata jicho, akaenda zake. Alimwona mwongo, na Mbuzi alijua kwamba amemwona mwongo.

Sasa jamani, mtu afanye nini? Mwaka jana alianguka kwenye kona ya mteremko ule ule akavunjika mtulinga, mfupa wa begani. Alipopona alijiwekea mpaka: kilomita sabini kwa saa, basi. Mita ikisoma sabini, vidole vyenyewe vinakimbilia breki. Lakini hao waliokuwa wakimpita nao walikwenda sabini hiyo hiyo! Alishusha usukani, akabadili tairi, akainama mpaka kidevu kikagusa chuma na shingo ikakaza siku mbili. Wapi! Kila akifika chini, wifi yuko pale anakunywa maji, amepandisha mguu mmoja juu ya mwingine.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama mkwe alikuwa jikoni anachambua mboga. Alipouona uso wa mkwewe hakuhitaji kuuliza.

"Kupanda mchongoma, mwanangu, kushuka ndio ngoma."

"Mama, na wewe!"

"Mimi nimesema nini? Nazungumza na mboga zangu."

Aliyembembeleza ni mumewe peke yake. Huyu alikuwa fundi baiskeli, karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, na baiskeli zote mbili, ya mke na ya dada, zilipita mikononi mwake. Alimpaka mkewe dawa begani, taratibu, pale mfupa ulipounga. "Usijitese, mke wangu. Sabini inatosha. Kuna watu wanaitafuta hiyo hawaipati." Mume wa namna hii kuna wanawake wanamwomba kwa kufunga na kusali. Mbuzi alimshukuru kwa moyo wote.

Ijumaa yeye na wifi walitoka kunyoosha miguu tu, barabara tambarare, bega kwa bega.

"Wifi, tukae thelathini, tusijichoshe bure," wifi alisema.

"Thelathini? Mbona tuko thelathini na tano."

"Acha maneno yako. Thelathini kamili hii hapa."

"Basi yako mbovu."

"Yangu mbovu? Jana kocha kaipima na gari lake!" Wifi alicheka, kisha akainama kuchungulia mita ya mwenzake, na kicheko kikakatika. Walikuwa wanakwenda sawasawa, magurudumu ya ukubwa mmoja, na namba mbili tofauti. Wakajaribu polepole, wakajaribu mbio. Kila mara mita ya Mbuzi ilisoma juu zaidi. Wifi akafika sitini kwa kukazana mpaka mishipa ikamtoka. Ya Mbuzi, aliyekuwa amejibanza nyuma yake, ikasoma sabini.

Mita ile huambiwa kwanza gurudumu lina ukubwa gani. Ukiidanganya kwamba gurudumu ni kubwa kuliko lilivyo, nayo inakusomea mwendo usiokwenda. Na aliyeinunua mita ile, akaifunga kwa mikono yake baada ya ajali, alikuwa mtu mmoja tu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Aliingia karakana na baiskeli begani, hata viatu hajavua.

"Gurudumu langu lina ukubwa gani?"

Fundi alikuwa ananyoosha rimu. Akalishika gurudumu likasimama. "Kwa nini?"

"Nimekuuliza."

Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nilitaka ukiona sabini uridhike," alisema hatimaye. "Usitafute zaidi. Wewe ulizimia pale barabarani, hukujiona. Mimi ndiye niliyekuokota. Mimi nilikuona."

"Na dada yako? Yeye mifupa yake ya chuma?"

"Yule sijamwokota."

Kidogo amhurumie. Kidogo tu. Halafu alikumbuka jicho la kocha, na hasira ikampanda kutoka kwenye nyayo. "Miezi yote hii! Nimejiita mwoga, nimejiita mzee! Nimelia bafuni, ukanisikia, ukaniletea taulo! Ukanifuta machozi, ukanyamaza! Hata ile furaha yangu kwamba nimepona nikiwa na nguvu zaidi, kumbe ulinichorea wewe!"

"Mke wangu..."

"Usiniite!"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha mboga. Alimtazama mwanawe juu mpaka chini. "Hapo sikutetei," akasema, akarudi jikoni.

Mbuzi aliirekebisha mita mwenyewe, na usiku ule alilala chumba cha wifi.

Jumamosi alipanda kwa hasira. Alifika mnarani peke yake, akitazama nyuma haoni mtu. Kisha barabara ikainama. Hamsini. Sitini. Vidole vikakimbilia breki kama vilivyozoea. "Bado!" alivikaripia kwa sauti. "Bado, mashetani nyie!" Sitini na tano. Sabini.

Sabini ya kweli haikuwa na undugu na ile nyingine. Upepo ulimtoa machozi, usukani ulitetemeka hadi mabegani, na kona aliyoijua kama chumba chake cha kulala ilimjia kabla hajajiandaa. Akachelewa kukata, akatoka mpaka ukingoni, nyasi zikamchapa mguu. Kona ya pili akashika breki mapema mno. Ya tatu hivyo hivyo. Kila kona ilikuwa ngeni! Alikuwa amejifunza mteremko mwingine miezi yote, mteremko ambao haupo. Chini karibu na machimbo ya kokoto ndipo mwili ulipoanza kuelewa: wapi pa kutazama, lini aachie breki. Akakata kona moja vizuri. Akakata nyingine, akajikuta anapiga kelele za furaha. Na hapo hapo wifi akampita.

Alimfukuza. Nani kasema hakumfukuza! Kwenye kipande cha mwisho alimla hatua kwa hatua, akamfikia tairi la nyuma, akamfikia pedali, na daraja likawafikia wote wawili. Wifi alikuwa mbele kwa nusu ya gurudumu.

Kocha alikuja anakimbia, na alimwendea Mbuzi, siyo mshindi.

"Kona zile za chini! Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nimezijua leo."

"Leo?" Kocha alishika kichwa. "Wiki mbili tu za kushuka hivyo na nafasi ningekupa nimefumba macho. Ulikuwa wapi siku zote?"

Fundi naye alikuwa ameshafika, taulo mkononi. Mbuzi alikuwa amemwona mapema, kabla hajasema pole. Alikuwa amemwona akimkagua, kichwa, mabega, magoti, na alipomkuta mzima akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Hakusikitika hata chembe kwamba mkewe ameshindwa. Alishukuru.

"Muulize fundi wangu," Mbuzi alimjibu kocha.

Mumewe alinyoosha mkono kuichukua baiskeli, kama afanyavyo siku zote. Mbuzi akaisogeza upande wa pili. Wifi alisimama pembeni na ushindi wake, hajui acheke au alie.

"Hongera, wifi," Mbuzi alimwambia. "Kesho nakufundisha kupanda, na wewe unifundishe kona. Mita yako asiiguse mtu."

Wakaondoka wawili, wakisukuma baiskeli zao, jasho likiwachuruzika. Fundi aliwafuata kwa nyuma na lile taulo kavu.