Nakala za Mzee wa Chaki

Mwaka wa tisini na nne Phanice alikuwa akifuta makosa yake kwa ugali. Tonge baridi la jana, likifinyangwa vizuri, huondoa mkaa kwenye karatasi bila kuichana, na mkate, ambao wachoraji hufutia, ulikuwa wa wenye nazo. Alikaa mkekani katika chumba cha kupanga, Rongo mjini, mbele yake ukurasa aliopewa na mwalimu Tony: mzee wa Ulaya mwenye kipara na koti, aliyechorwa kwa chaki nyekundu karne nyingi zilizopita.

Usanii haukumhusu, jamani. Alitaka sura ya mumewe. Zablon alipozikwa kwao, upande wa Homa Bay, ndugu zake walibeba kitanda, redio, mabati na picha zote, hata ile ya kitambulisho. Sasa binti yao Liz alikuwa ameanza kumsahau, na kila mwanamume mwenye koti alimwita baba. Jambo hilo lilimuuma Phanice mpaka chakula kikamshinda. Ndipo akamwendea Tony.

"Anza kwa kunakili," Tony alimwambia. "Macho usiyachore. Chora vivuli, macho yatakuja yenyewe."

Yakaja kweli. Ila kila alipomnakili yule mzee, pua ilitanuka, kipara kikaota nywele, na kovu la jembe likajikalia juu ya jicho la kushoto. Jioni moja nakala ikakohoa, ikauliza, "Mama Liz, kitanda kiko wapi?"

"Kiko kwa kaka yako," Phanice alijibu, akaendelea kutia kivuli sikioni.

Tony alipokuja kusahihisha alimsalimia Zablon, kisha akakunja uso. "Kidevu kizito mno. Punguza." Phanice akakipunguza kwa ugali, Zablon akinung'unika kwamba unanata.

Basi wakaishi. Zablon alibandikwa ukutani kwa pini, na Liz kila siku akamsimulia ya chekechea. Barabarani akaacha kuwaita watu baba. Phanice akaanza kula.

Lakini habari hazina mlango. Odoyo, kaka mkubwa wa Zablon, akafika na mkokoteni. Mkokoteni, kwa karatasi moja! Chai akaikataa.

"Habari, Zablon."

"Nzuri, kaka. Kitanda kinalalika?"

"Kinalalika." Akaanza kung'oa pini.

"Shemeji, huyo nimemchora mimi," Phanice alisema. "Kwa mikono yangu hii."

"Mikono ni yako. Sura ni ya kwetu."

Phanice akamgeukia mumewe aseme neno, hata moja. Zablon akaangalia chini, vile alivyoangalia chini maisha yake yote kaka yake akiongea. Woga gani huu, mtu haachi hata akiwa karatasi! Odoyo akamkunja, akamtia mfukoni. Mkeka nao ukapanda mkokoteni, usirudi mtupu.

Phanice alilia mpaka akachoka, kisha akakaa sakafuni na karatasi nyingine. Alichora mpaka mkaa ukaisha. Safari hii mzee alitoka mzee: pua yake, kipara chake, koti lake. Tony akamkagua, akafurahi sana.

"Sasa umejua kuchora," alisema.

Liz akaingia kutoka kucheza, akaliona koti.

"Baba, umerudi?"

Yule mzee hakujua Kiswahili wala Kijaluo. Akaitikia kwa kichwa.