Zamu ya Walt Haijaisha

Jumatatu asubuhi Walt Pruszynski, aliyezikwa Jumamosi, aliingia kituo cha zimamoto, akatundika koti lake, akaanza kukunja mipira ya maji. Mkuu wa kituo, Hobart Dilley, alimwambia kahawa iko jikoni. Walt hakutaka kahawa. Aliikunja mipira yote, akaikunjua, akaikunja tena.

Katika mji ule wa viwanda vya chuma, zimamoto akifa kazini hupigiwa kengele ya shaba: mapigo matano, kimya, matano tena, mpaka mara nne. Ndiyo amri ya mwisho: kazi imekwisha, nenda nyumbani. Walt hakupigiwa. Moshi ulimla mapafu miaka na miaka, lakini roho ilimtoka hospitalini, na kanuni za halmashauri zinamtambua aliyefia motoni tu. Basi zamu yake haikuisha. Alizunguka magari akijaribu milango, akapanda ngazi, akashuka, akapanda. King'ora kikilia, yeye ndiye wa kwanza garini. Kwa kuwa kituo kilipungukiwa na watu, Hobart alimpangia Jumapili, siku ambayo hakuna aliyeitaka.

Mjane wake, Lorraine, alikuja kila siku kumfuata huku na huko, akimsihi akae chini. Walt alisema atakaa akiruhusiwa.

"Hobart, mpigie," Lorraine alisema. "Mtu amechoka. Huoni anavyohangaika?"

"Shemeji, nikimpigia huyu wa mapafu, nitawapigia wangapi?"

"Wote. Si moshi uliowaua?"

"Hilo ndilo halmashauri hawataki kulisikia."

Lorraine akawaendea halmashauri mwenyewe. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe; walimpa pole na donati. Alirudi amefura, akaikamata kamba ya kengele, akapiga mapigo yote bila kukosea. Walt alisimama akasikiliza kwa adabu, kisha akamwambia mkewe kwamba asante, ila kengele isiyo na amri ya mkuu haihesabiki. Akarudi kwenye mipira.

Theluji ilipoyeyuka Hobart alianza kukohoa. Hakufika majira ya joto. Baada ya mazishi yake Lorraine alimkuta kituoni, akipanda ngazi wakati Walt akishuka.

"Na wewe je?" alimuuliza. "Nani atakupigia?"

Hobart alisimama, kwa kadiri alivyoweza kusimama.

"Nilifia kitandani, shemeji," alisema. "Kanuni ni ile ile."

Lorraine alilia pale pale, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, nao wakampisha ngazini, mmoja akipanda, mwingine akishuka.