Migomba ya Mdogo Mtu

Fundi cherehani wa jirani anaapa aliona kwa macho yake mawili: mnunuzi wa ndizi aliteremka kwenye lori, akasimama mbele ya mkungu wa mdogo mtu, akavua kofia. "Kama anaamkia mkwe!" alimwambia dada mtu, pini zikiwa mdomoni. "Kwako wewe, mama, hata kioo hakushusha."

Dada mtu alicheka, maana angenuna angejulikana. Lakini neno lile lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Nani aliyemfundisha yule kubakiza chipukizi moja na kung'oa mengine? Nani aliyemwonyesha kuvika mkungu mfuko ndizi zisichubuke? Shamba la baba yao liligawanywa kwa kamba, katikati kabisa. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile. Ila ng'ambo ya kamba mikungu ilishiba mpaka migomba ikaegemezwa nguzo, na huku kwake ndizi zikabaki vidole vya mtoto.

Asubuhi ile akakuta mgomba wake mmoja umelegeza majani, yamepiga manjano. Akapasua ndizi: ndani kahawia. Akakata shina: likatoa usaha. Mnyauko! Akalifuta panga kwa jani, kwa mazoea tu, maana kufuta hakusaidii. Panga lililogusa ugonjwa huo halikati mgomba mwingine mpaka lipite motoni, la sivyo shamba zima limekwenda.

Alikuwa anapapasa mfukoni kutafuta kiberiti mdogo wake alipotokea, gauni kalifunga kiunoni, uso unang'aa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Mbona hivyo? Fundi keshakunywesha umbea asubuhi yote hii?"

"Fundi hana kazi. Mnunuzi wako hajambo?"

"Wangu? Kitambi chote kile! Mchukue wewe, nakupa na kofia yake." Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kasema nikate maua yote yanayoning'inia chini ya mikungu leo leo, izidi kunenepa. Na panga langu limevunjika mpini. Niazime lako, dada yangu, nalirudisha sasa hivi."

Dada mtu akatazama makali. Yaling'aa, ungedhani yametoka dukani. Akatazama ng'ambo ya kamba, mikungu ilivyoinamia ardhi kwa uzito. Kiberiti kilikuwa kwenye ncha za vidole vyake, mfukoni, na mkono haukutoka.

"Dada, husikii? Naomba panga."