Nchi ya Mifereji Myekundu

Mchana ule nilitoka kazini na moyo mzito. Wodini nilikuwa nimemwacha Nyamizi, mama aliyejifungua juzi, ana homa, anapumua kwa haraka na kunijibu kama mtu aliye mbali. Presha yake ilikuwa nzuri, kwa hiyo Ngasa, muuguzi mwenzangu aliyepokea zamu, aliniambia, "Dada Kabula, nenda kapumzike. Huyu yuko shwari." Nyumbani nilifungua kitabu cha masomo yangu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi, nikausoma ukurasa mmoja tena na tena bila kuuelewa, mpaka usingizi ukanichukua palepale kitini.

Nikaota niko katika nchi ya mifereji myekundu iliyopita kila bonde na kila mlango wa nyumba. Hewa ilikuwa ya moto. Askari aitwaye Ghadhabu alikimbia huku na huku na mwenge, akiwasaka wezi walioingia nchini, lakini kila alipowachoma wezi alichoma na kingo za mifereji, maji yakavujia mashambani na nyumba za mbali zikabaki na kiu. Kando ya tangi kuu alikaa bwana mnene, Mazoea, ameegemea kiti chake. Akanionyesha alama ukutani. "Maji yamefika panapotakiwa," alisema. "Unahangaikia nini? Kaa." Nikatamani kukaa, maana alisema kwa upole na miguu yangu ilikuwa imechoka.

Ndipo mwanamke aliyekunja mikono ya gauni, jina lake Ufahamu, akanishika bega. "Alama umeiona. Sasa njoo umwone anayeishikilia." Nyuma ya tangi nikamkuta binti mwembamba, Juhudi, akisukuma pampu bila kupumzika, jasho likimtiririka. Kadiri mifereji ilivyovuja ndivyo alivyozidi kusukuma, na ndiyo maana alama haikushuka.

"Kwa nini huiti watu?" nikamuuliza.

"Nikiacha ili niite, maji yatashuka," akajibu bila kuinua macho.

Nikalia kwa kumwonea huruma. Ufahamu hakunikataza. "Huruma yako ni njema, ila peke yake haitamtua mzigo," alisema. "Jua kinachomchosha: moto ule, kuvuja kule, kiu ya nyumba za mbali. Ukikijua utajua la kufanya, nawe utalifanya kabla mikono yake haijalegea."

Mikono ya binti ikateleza, nikazinduka.

Nilibaki nimekaa, maana ya ndoto ikinijia taratibu. Wezi wale walikuwa bakteria, askari ni kinga ya mwili, mifereji ni mishipa ya damu, na binti ni moyo wa Nyamizi, uliokuwa ukikimbia ili presha ionekane nzuri. Nikavaa viatu, nikarudi wodini.

"Presha bado iko sawa, dada," Ngasa alisema.

"Mguse miguu. Kisha tazama mfuko wa mkojo."

Miguu ilikuwa ya baridi, mfuko karibu mtupu; damu haikuwa ikizifikia nyumba za mbali. Ngasa hakubishana. Alikwenda mbio kumwita daktari, nami nikamwekea Nyamizi oksijeni na kutafuta mshipa. Damu ikachukuliwa kupimwa, dawa za kuua bakteria zikaingia, dripu ikaanza kushuka. Jioni presha iliporomoka kama nilivyohofia, lakini ilitukuta tumesimama kando ya kitanda chake, na tuliipandisha kidogo kidogo.

Kesho yake Nyamizi alinitazama usoni sawasawa, akauliza mwanawe ananyonya kwa nani.