Dereva wa Kwenye Karatasi

Kaka Laurenti hajui kuendesha gari. Leseni anayo, aliikata ujanani alipotafuta kazi ya udereva kwenye shamba la mkonge. Kazi akaikosa, na tangu hapo hajashika usukani. Lakini kwa mujibu wa bima ya gari langu, dereva ni yeye.

Msinicheke. Ningefanyaje? Ndani ya mwaka mmoja nilidai fidia mara mbili. Mara ya kwanza ng'ombe alinijia mwenyewe, njia ya Muheza. Mara ya pili nilirudi nyuma nikabomoa geti la parokia. Nilipokwenda kukata bima upya, wakala wetu Shamir, mwenye duka la vipuri, alishusha miwani akanitazama kwa huruma. "Dada Ritha, kampuni inakuogopa. Safari hii utalipa karibu mara tatu."

Mara tatu! Mume wangu alishatangulia mbele za haki, watoto ninao wawili, na gari hilo ndilo linalotulisha, maana nawapeleka wageni Ushongo, na hoteli hazikupi mgeni kama huna bima kubwa. Nilimfokea Shamir mpaka wateja wakageuka. Naye akanijibu kwa upole: "Ajali haina kinga, dada yangu. Mimi bei sipangi."

Basi nikafanya kama walivyofanya wenzangu wa kijiweni. Gari likaandikwa jina la kaka, katekista, mtu ambaye hata kuku hajamgonga. Shamir, aliyedhani kaka ndiye ataendesha kweli, alituonya kwamba akikutwa mwingine kwenye usukani, bima hiyo itabaki karatasi ya kufungia maandazi. Ndiyo maana kila safari ya mbali kaka aliketi kando yangu na rozari yake. Likitokea la kutokea, atasema alikuwa yeye. Wazo lilikuwa lake, mimi sikumtuma. "Watoto wa marehemu wasilale njaa," alisema.

Siku hiyo tulikuwa tunarudi kutoka Pangani. Tulipoipita Kigombe, baiskeli iliyobeba nazi ikachomoza kati ya minazi, na mimi nilikuwa kasi. Nikakanyaga breki. Kishindo kikaja, nazi zikatapakaa barabarani, na gari likasimama mbele kidogo ya pale alipoanguka mwenye baiskeli.

"Shuka," kaka akaniambia. "Shuka upesi, upite upande wangu."

Nilishuka nikazunguka upande wake, naye akashuka. Mwanamume alikuwa amelala chali ukingoni mwa lami, mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Mkewe, Hafsa, alikuwa nyuma yake kwa miguu na kapu la dagaa. Alilitupa akapiga magoti. "Haji! Yarabi, Haji, nitazame!" Watu wakatoka mashambani na mapanga yao ya kazi, wakatuzunguka. Nilidhani wataniua. Nilijificha nyuma ya kaka kama mtoto.

Askari wa barabarani akafika kwa bodaboda kutoka kizuizi cha polisi. Waliokuwa karibu walimwita Afande Tadeo.

"Dereva nani?"

"Mimi," kaka akasema, kwa sauti ileile anayosomea Injili.

Mama yangu! Sikumkanusha. Nilimwona kaka lokapu, nikajiona mimi nyumbani na wanangu, na Mungu anisamehe, nikashukuru.

"Huyu mtu hawezi kungoja," afande akasema. "Rudisha gari mpaka hapa, tumpakie."

Hilo hatukuwa tumelifikiria. Kaka akanitazama, akaingia, akafunga mlango. Kwanza waipa zikaanza kufuta kioo kikavu. Watu wawili wakacheka. Kisha injini ikanguruma, ikanguruma tena, na taa nyeupe za nyuma zikawaka. Haji alikuwa nyuma ya gari. Hafsa alikuwa amekipakata kichwa chake.

Gari likaja kinyumenyume kwa nguvu. Sijui nilifikaje pale katikati. Nilikuwa nagonga kioo cha nyuma kwa viganja vyote viwili nikipiga kelele: "Breki! Kaka, breki! Ya kushoto! Ya kushoto!"

Likasimama bampa ikiwa magotini mwangu.

Hakuna aliyecheka tena. Afande akazunguka, akaingiza mkono dirishani akazima gari, akachukua ufunguo. "Nauliza mara ya mwisho. Nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi, afande," kaka akasema. Alikuwa analia, na bado anasema ni yeye.

Niliogopa. Niliogopa jela, niliogopa mapanga, niliogopa wanangu kuulizwa shuleni mama yenu yuko wapi. Lakini magoti yalikuwa bado yanaisikia ile bampa. "Muongo huyo," nikasema. "Ni mimi. Yeye hata gia hazijui."

Pale hapakuwa na gari jingine. Afande akanipa ufunguo. "Endesha. Hospitali kwanza, kituoni baadaye. Nami nipo kando yako."

"Huyu?" Hafsa akapiga ukelele. "Huyuhuyu atuendeshe tena?" Lakini Haji aliguna vibaya, naye Hafsa akapanda nyuma watu walipompakia mumewe, akamlaza kichwa mapajani. Kaka akajibana pembeni yao.

Nikaondoa gari. Kila kishimo Haji alilia. Hafsa alikuwa ameshika kiti changu, vidole vyake vinanigusa bega. "Polepole, dada," alikuwa akisema. "Nakuomba, polepole."

Tulipoanza kuona nyumba za mjini, akaniuliza: "Gari lako lina bima?"

"Linayo."

"Alhamdulillahi," akasema. "Maana sisi hatuna kitu."

Nilikaza macho barabarani.

"Haitalipa," nikamwambia.

Vidole vyake vikaondoka begani mwangu.