Ufagio wa Baba Mdogo Wenseslaus

Hakuna mtu Uru nzima aliyemtunza mgonjwa wa moyo kama nilivyomtunza baba mdogo Wenseslaus. Ulizeni popote.

Moyo ulimwangusha mwaka sabini na tatu, akichuma kahawa. Daktari wa mjini alimrudisha nyumbani na masharti: atembee kidogo kila siku, afanye kazi nyepesi, akianza kuhema akae chini. Akinyanyua kizito, alisema, hatutamwona tena. Mama mdogo Hilaria akamkabidhi mikononi mwangu, mimi msomi wa kidato cha nne niliyekuwa nangoja matokeo.

Taabu ni kwamba kwetu kazi nyepesi zote ni za wanawake. Baba mdogo akafagia ua. Akawakatia ng'ombe majani, vitita vya kubeba kwapani. Wiki ya tatu alikuwa anafika njia panda bila kupumzika, rangi ya uso imerudi, nami nimechoka kuwa yaya. Nikambatiza Mama Wenseslaus. Jina likapanda hadi kilabu cha pombe ya mbege. Watoto wakaacha kumwamkia shikamoo, wakawa wanamuuliza chakula kitaiva saa ngapi. Alicheka pamoja nasi. Ila ufagio akaanza kuushika alfajiri, kabla watu hawajapita.

Ikafika siku ya kuzibua mfongo, mfereji wa ukoo unaoleta maji migombani, ambao mwanamke haruhusiwi kuugusa. Wanaume walipita na majembe. Baba mdogo akasimama mlangoni akiwatazama. Muda si mrefu alikuwa kwenye matope hadi magotini, anang'oa jiwe ambalo mimi nisingethubutu kuligusa. Akalitoa. Akaketi juu yake, akaniangalia, akafa.

Alasiri wazee walikaa uani. Babu Leodegar, mkubwa wa ukoo, akaniuliza kwa nini sikumzuia. Nikawasimulia, na machozi nilikuwa nayo, nilivyomshika mkono, nilivyomsihi kwa jina la Mungu abaki nyumbani. Mama mdogo Hilaria akaniombea baraka.

Jirani yetu Aikande alikuwa ndiyo kwanza anatua mkungu wa ndizi za msiba. Asubuhi ile alikuwa akikata majani nyuma ya nyumba yetu, jambo nisilolijua. Hakupaza sauti.

"Baba yako mdogo alikuuliza kama aende. Ukamjibu, 'Ukibaki, mama, utubandikie ndizi.' Kisha ukaingia ndani, ukamtolea jembe."